Wamesema dawa ya kisukari cha watoto imepatikana. Sisi wa Moshi tumo?

#1 Mama Wawili (Pasua, Moshi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9. Ana kisukari kile cha sindano, aina ya kwanza, tangu akiwa na miaka 7. Leo mchana shangazi yake wa Boma Ng'ombe kanirusha roho kwenye kundi la ukoo: "Mungu ni mwema, dawa ya kisukari cha watoto imepatikana Marekani, anachomwa mara moja tu basi." Chini kuna picha ya daktari wa kizungu anatabasamu na mstari wa Zaburi. Dakika kumi hazijapita, amina zimejaa kundi zima. Mimi sikuandika amina. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikaweka kisu chini nikakaa kwenye kigoda.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni kweli? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mdogo wake, wa kike, ana miaka 5, na wiki iliyopita kakojoa kitandani usiku mbili mfululizo wakati alishaacha zamani. Nimempima kwa mashine ya kaka yake, ikasoma 5.4. Najua hiyo ni nzuri, ila moyo haujatulia. Nasikia huko wenzetu wanawapima ndugu wa mgonjwa hata kabla ugonjwa haujaonekana. Kipimo hicho kipo? Na nikishajua, nifanye nini nacho?

Niwaambie kwa nini naogopa. Kaka yake alianza na kiu. Kikombe juu ya kikombe, mpaka baba yake akawa anamtania kwamba atakausha mtaro wa shamba. Akikojoa nyuma ya migomba, asubuhi unakuta sisimizi wamejipanga pale pale kama wako foleni ya benki. Mimi nikaona ni utoto. Akakonda, nikampeleka zahanati moja hapa mjini, wakasema malaria, wakampa dawa. Siku ya tatu akawa anahema kama aliyepanda kilima cha Kibosho kwa mbio, na mdomo unanuka kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Hakuna mtu aliyekuwa amemtoboa kidole. Tone moja tu la damu! Tulipofika hospitali kubwa nesi akampima, mashine ikaandika HI. Nikadhani inanisalimia. Kumbe maana yake sukari imepita pale ambapo mashine inaweza kusoma.

Kwa hiyo mnaojua, niambieni ukweli hata kama ni mchungu.

#2 Chalii wa Sakina (Arusha)

Pole sana mama. Hiyo ya HI imenichekesha halafu ikaniumiza hapo hapo. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

#3 Tiba za Mlimani

Mama usihangaike na wazungu. Kisukari cha aina zote kinatibika kwa mizizi, siku 21 tu mtoto anaacha sindano. Shuhuda ninazo. Njoo inboksi.

#4 Bibi Nesi Mstaafu (Rau, Moshi)

Wewe Tiba za Mlimani, na uniache nimalize kuvaa miwani.

Mtoto wa aina ya kwanza ukimwachisha sindano hizo siku 21 hafiki. Wengi hawafiki hata siku saba. Nimewapokea mlangoni, wengine wakiwa na chupa ya mizizi kwenye kikapu cha mama. Kongosho lake halitoi insulini, na hakuna mzizi unaotoa insulini. Mwenye kisukari cha ukubwani bado ana insulini yake kidogo, huyo hata akipungua kilo kumi na kuacha soda ataona nafuu, ndiyo maana shuhuda zenu hupatikana huko. Huku kwa watoto msiguse.

Mama Wawili, mwanangu, pole. Huyo mdogo 5.4 ni nzuri kabisa. Mtoto wa miaka 5 anakojoa kitandani kwa mengi: baridi, ndoto, UTI, hata wivu kwa sababu kaka ndiye anayeangaliwa kila saa. Mpime mkojo kwanza. Ukiona kiu isiyoisha, kukonda, na kuamka kukojoa mara kwa mara, hapo usisubiri kuche.

#5 Chalii wa Sakina

Bibi kamaliza. Jamaa anatuletea mambo ya foleni ya Samunge ya 2011 kwa Babu wa Loliondo, watu walilala kwenye magari wiki nzima kusubiri kikombe.

#6 Maabara Kongwe (Moshi)

Jioni njema. Mimi ni mtu wa maabara, nimefanya kazi kwenye tafiti hapa Moshi miaka kadhaa, ila sio za kisukari. Hii nimeisoma kwa sababu zangu binafsi (mpwa wangu anayo). Nitajibu kwa kipande, simu yangu ina chaji 30.

Ujumbe wa shangazi una punje ya kweli ndani yake. Habari yenyewe ilitoka Juni 2025 kwenye jarida la madaktari la New England. Kampuni ya Vertex ilichukua seli shina, ambazo bado hazijaamua kuwa kitu gani, ikazilea mpaka zikawa seli za kongosho zinazotoa insulini. Mgonjwa anawekewa mara moja kwa dripu kwenye mshipa unaoingia kwenye ini, seli zinanasa humo zinaanza kazi. Yaani ini linapangisha chumba. Waliopata dozi kamili walikuwa 12, na baada ya mwaka mmoja 10 kati yao hawachomi insulini.

Kumi kati ya 12 ni kitu kikubwa, sipunguzi. Sasa yale ambayo kwenye kundi la ukoo hayakuandikwa. Hao wote ni watu wazima, na walichaguliwa kwa sababu sukari zao zilikuwa zinashuka ghafla mpaka wanapoteza fahamu. Na lazima wameze dawa za kushusha kinga kila siku, kama mtu aliyewekewa figo, la sivyo mwili unazila hizo seli. Katika washiriki 14 wa utafiti mzima, wawili walifariki. Mmoja alikuwa na matatizo ya ubongo tangu kabla, yakazidi. Mwingine aliugua uti wa mgongo wa kriptokokasi.

#7 Bibi Nesi Mstaafu

Kriptokokasi! Huyo namjua. Miaka ile kabla ya ARV wodi zilikuwa zimejaa. Yule ni fangasi anayevizia kinga ikishuka. Kwa hiyo unamwondolea mtoto sindano unampa hatari hiyo. Mimi kwa mtoto wa miaka 9 ningebaki na sindano.

#8 Maabara Kongwe

Ndivyo hata wao walivyoamua bibi, ndiyo maana hawajaanza na watoto. Kinachotafutwa sasa ni seli ambazo kinga haizioni. Pale Uppsala, Uswidi, kuna mwanaume mmoja aliwekewa kwenye msuli wa mkono seli za kongosho za mtu aliyefariki, zilizokatwa na kubadilishwa jeni ili askari wa mwili wapite bila kuzitambua. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga, na seli zikaishi na kutoa insulini. Ila ni chache mno, walitaka tu kuona kama zitaishi. Jamaa bado anachoma sindano zake. Mtu mmoja, tena sio wa kupona. Lakini mimi niliposoma ile nilisimama.

Na mjue haya hayakuanza jana. Mwaka 2000 kule Edmonton, Kanada, kundi la James Shapiro liliwawekea wagonjwa saba seli za kongosho kutoka kwa marehemu waliochangia viungo, wote saba wakaacha sindano. Dunia ikashangilia kama hilo kundi la ukoo wenu. Baadaye wengi kati yao wakarudi kwenye sindano, seli zilichoka. Na marehemu wa kuchangia hawatoshi. Ndipo watu kama Doug Melton wa Harvard wakaona dawa ni kuzitengeneza hizo seli. Huyo bwana alikuwa anachunguza vyura. Mwaka 1991 mwanawe mchanga akapatikana na aina ya kwanza, akaacha vyura. Baadaye na binti yake akapata. Njia ya kuzitengeneza kwa wingi kundi lake liliitangaza 2014. Hesabu mwenyewe miaka hapo.

Chaji imeisha karibu. Swali la mdogo wake nitalirudia kesho, ndilo zito.

#9 Mama Wawili

Asante sana kaka. Na binti yake akapata... Umenigusa mahali pabaya, lakini asante.

#10 Mgumu wa Barafu (Marangu)

Mama, mimi nina aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 16, sasa nina 31. Ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Kiongozi wangu wa msafara anajua, wapishi wanajua. Insulini naivaa shingoni ndani ya fulana tatu, maana ukiiacha kwenye begi kule juu inaganda, na ikishaganda hata ikiyeyuka ni maji tu, unatupa. Mashine nayo inagoma kwa baridi, inaandika kosa. Naiweka kwapani dakika kumi ndiyo inakubali. Wageni wananiona nimekaa kwenye jiwe na mkono kwapani wanadhani nina maumivu.

Nimeandika tu ili mwanao ajue kuna mkubwa mwenzake.

#11 Mama Wawili

Nimemsomea. Kauliza kama ukiwa juu unaruhusiwa kula chokoleti.

#12 Mgumu wa Barafu

Mwambie ndiyo, nikishuka sukari. Na mlimani inashuka sana, kwa hiyo nakula sana haha.

#13 Maabara Kongwe

Nimerudi. Haya, ndugu wa mgonjwa.

Aina ya kwanza haianzi siku ile ya kiu. Inaanza miezi au miaka nyuma, kimya kimya. Askari wa mwili, wale wa kupigana na wadudu, wanalikosea kongosho na kuanza kuua seli zinazotoa insulini. Wakati wanaua wanaacha alama kwenye damu, kingamwili, au tuseme antibodi. Zinazopimwa hasa ni nne: ya GAD, ya IA-2, ya ZnT8 na ya insulini yenyewe. Wakizikuta mbili au zaidi wanasema hatua ya kwanza, hata kama sukari ni safi kabisa. Hatua ya pili sukari inaanza kuyumba kwenye vipimo ila mtoto hana dalili. Ya tatu ndiyo ile ya sisimizi. Watoto wa Ulaya na Marekani waliofuatiliwa tangu wadogo, wenye antibodi mbili au zaidi, kama 7 kati ya 10 waliugua ndani ya miaka kumi. Na kwa takwimu za huko huko, kwa ndugu wa damu wa mgonjwa anayeugua ni kama mmoja kati ya 20. Yaani mama, hata kwa hesabu za wazungu, 19 wanabaki salama.

Dawa ya kuchelewesha ugonjwa ipo moja, teplizumabu. Ni dripu ya siku 14 mfululizo inayowatuliza wale askari. Utafiti wake ulitoka 2019: ndugu 76 wa wagonjwa, wote wa hatua ya pili. Waliopewa dawa walikaa miezi 48 hivi kabla ya kuugua, waliopewa maji matupu miezi 24. Miaka miwili imeongezeka. Marekani wakaiidhinisha Novemba 2022 kwa kuanzia miaka 8.

Kuna mtu atasema miaka miwili ni nini. Mwenye mtoto wa miaka 5 ajibu.

#14 Mama Wawili

Miaka miwili bila kumtoboa mtoto usiku saa nane. Miaka miwili awe amejua kuniambia "mama natetemeka". Ni nyingi.

#15 Chalii wa Sakina

Bei je?

#16 Maabara Kongwe

Ilipotoka, zaidi ya dola 190,000 kwa hizo siku 14. Usiibadilishe kwa shilingi utaumwa kichwa.

#17 Chalii wa Sakina

Nyumba tatu za Njiro na gari la kuzizungukia. Halafu nasikia waliogundua insulini waliuza hati kwa dola moja?

#18 Bibi Nesi Mstaafu

Kweli. Toronto, 1921. Banting na Best, na Collip aliyeisafisha ikawa ya kuchomeka mtu, wakaiachia chuo kikuu kwa dola moja moja. Januari 1922 wakamchoma kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye alikuwa amebaki mifupa. Sindano ya kwanza ilimletea uvimbe tu, ilikuwa chafu. Collip akakesha akaisafisha, ya pili ikashika.

Nilipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya sabini tulikuwa bado na insulini ya ng'ombe na nguruwe. Nguruwe tuliwaambia wagonjwa Waislamu mapema, wachague. Sindano za kioo tunachemsha kwenye sufuria, ncha ikifa tunainoa. Chupa zilikuwa za U40 na za U80, yaani nguvu maradufu, na mama akichanganya ameua. Mashine za kidole hakuna. Ni mkojo: dawa ya Benedict mililita tano kwenye kitesti, matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya koroboi. Ikibaki bluu unamshukuru Mungu. Kijani, njano, chungwa, halafu ile rangi ya tofali. Nilikuwa na mtoto wa Uru mkojo wake kila siku tofali. Mama yake alikuwa anauza maziwa ili apate nauli.

Samahani nimetoka nje ya mada.

#19 Mgumu wa Barafu

Hujatoka bibi, endelea.

#20 Mzalendo Halisi (Arusha)

Mimi nina swali ambalo hamtaki kuulizana. Hizi tafiti zinakuja kuchukua damu za watoto wetu, zinapandishwa ndege, dawa ikipatikana tunauziwa dola laki mbili. Ushirikiano gani huo? Bora tusishiriki kabisa.

#21 Maabara Kongwe

Nimeshika hizo sampuli kwa mikono yangu, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekuwa ndani. Damu haitoki nchini kienyeji. Utafiti lazima upite kamati ya maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, watoe kibali, na sampuli ikitoka kuna mkataba wa kuisafirisha unaosema itafanyiwa nini na nani anaimiliki. Ikiwa ni dawa ya majaribio, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wanaingia. Sisemi kila mkataba ni wa haki. Nimeona utafiti ambao sisi tulikuwa wa kutoboa watoto na kujaza makaratasi, majina ya mbele yote ya watu ambao hawajawahi kuiona Himo. Hilo nalalamika nawe.

Lakini dawa yako ya "tusishiriki" ndiyo sumu yenyewe. Wale 76 wa teplizumabu karibu wote ni wenye asili ya Ulaya. Ili kuwapata, mtandao unaoitwa TrialNet, vituo vya Marekani, Kanada, Ulaya na Australia, ulipima maelfu kwa maelfu ya ndugu. Wazazi walijitolea kutoboa watoto wazima. Utafiti mwingine, TEDDY, umefuatilia watoto zaidi ya 8,000 wa Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani tangu uchanga, kujua nini kinaamsha ugonjwa, na virusi vya tumbo vimo kwenye orodha ya washukiwa. Sisi hatumo hata mmoja. Kwa hiyo mama wa Pasua akiuliza "mwanangu tumpime antibodi?", ninachoweza kumpa ni majibu ya mtoto wa Ufini.

#22 Baba Longido

Naomba kuingia hapo hapo kwenye antibodi. Binti yangu ana miaka 14, anachoma sindano mwaka wa tatu. Kwetu hakuna umeme wa uhakika, insulini tunaiweka kwenye chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, juu kitambaa. Inakaa baridi vizuri, hata mchana ule wa jua la Longido ukiingiza mkono unasikia.

Daktari mmoja alitushauri vipimo, tukachanga, damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yakasema antibodi hakuna. Hata moja. Daktari akakuna kichwa. Mzee wa boma akasema basi sio kisukari cha kweli, aache sindano. Nimeogopa kumwachisha. Nikaogopa pia kwamba namchoma bure. Mnasemaje?

#23 Bibi Nesi Mstaafu

Baba, USIMWACHISHE. Mengine Maabara ataeleza.

#24 Maabara Kongwe

Baba Longido, bibi amesema sahihi na wewe umefanya sahihi. Sasa nikueleze kwa nini binti yako amenifanya niache chai.

Julai 2025 yalitoka majibu ya utafiti wa pamoja wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza. Unaitwa YODA. Walichukua vijana 894 waliougua kabla ya miaka 30, wote walishaambiwa ni aina ya kwanza, wakapima antibodi na jeni. Kama 65 kati ya kila 100 hawakuwa na antibodi hata moja. Na jeni zao hazikuwa zile za hatari zinazojulikana kwa wazungu. Lakini sio aina ya pili, maana sio wanene na insulini yao iko chini kweli. Yaani wamepungukiwa insulini kama wa aina ya kwanza, ila mshukiwa sio askari wa mwili.

Nani basi? Hapo ndipo kazi ilipo. Inaweza kuwa lishe ya utotoni, maambukizi, kitu cha mazingira. Mwaka huo huo shirikisho la kisukari la dunia, IDF, lilikubali jina la aina ya tano kwa kisukari kinachohusiana na utapiamlo, ingawa wataalamu bado wanabishana.

Sasa unganisha na teplizumabu. Ile dawa inatuliza askari. Kama kwa binti yako askari hawajafanya kosa, ungemwekea dripu ya dola laki mbili kumtuliza asiyegombana. Mzalendo, ndiyo hasara ya kutokuwemo. Hata wakitupa bure, wanaweza kutupa dawa ya ugonjwa wa jirani.

#25 Mzalendo Halisi

Hapo umenikamata. Lakini majina ya mbele yawe yetu.

#26 Maabara Kongwe

Kwenye YODA Waafrika wamo mpaka waandishi wakuu, daktari wa Kamerun na wa Uganda. Tanzania ndiyo haimo.

#27 Baba Longido

Kwa hiyo mzee wa boma nimjibu nini? Yeye anataka jibu la sentensi moja.

#28 Maabara Kongwe

Kuna kipimo kinaitwa C-peptidi. Kongosho likitengeneza insulini linaimenya kwanza, na ganda linabaki kwenye damu. Insulini ya chupa imekuja imeshamenywa. Kwa hiyo ukikuta maganda jikoni, kuna anayemenya ndizi hapo nyumbani. Usipokuta, mnakula za kununua tu. Mwambie mzee: tutahesabu maganda kwanza, kabla ya hapo hakuna kuacha. Na daktari ndiye wa kuyahesabu, sio sisi humu.

#29 Bibi Nesi Mstaafu

Eti maganda ya ndizi. Miaka 38 nimefundisha wanafunzi sijawahi kulipata hilo.

#30 Tiba za Mlimani

Wote hao wanatumika na makampuni.

#31 Mgumu wa Barafu

Mzee bado upo? Panda nami mpaka kambi ya Barafu siku moja bila koti uone asili.

#32 Mama Wawili

Wapendwa, wiki tatu zimepita, nimerudi na mrejesho.

Mdogo mtu ilikuwa UTI. Kapewa dawa, kitanda kikavu. Nimempima sukari tena asubuhi kabla ya uji, 4.9. Antibodi sijampima. Daktari wa kliniki alinisikiliza, tena alikuwa ameisoma ile ya Uganda na Kamerun. Akaniambia kwa sasa nikimpima na zikaonekana, nitakachofanya ni hicho hicho ninachofanya: macho kwenye kiu, mashine iko kabatini, na walimu wa chekechea wajue dalili. Nimekubali, ingawa nusu yangu bado inataka kujua. Kwa kaka mtu kasema ataomba C-peptidi, na siku utafiti ukifungua mlango hapa Moshi jina letu liandikwe. Nimesaini karatasi ya kupigiwa simu. Mzalendo, niliisoma yote, kurasa mbili za Kiswahili, nikauliza damu itakaa wapi. Nesi akacheka akasema mama wewe umetoka wapi.

Insulini tulipewa, ile ya mradi wa watoto. Stripu hazikutosha mwezi, nimeongezea dukani.

Shangazi naye nilimpigia, sikutaka kumuumbua kwenye kundi. Nilimweleza wale 12, na kumi walioacha sindano. Kumbe kijana alikuwa mlangoni anasikiliza. Nilipokata simu akauliza, "Na wale wawili waliobaki?" Nikamwambia wanachoma bado, ila kidogo kuliko zamani. Akafikiri. Akapandisha fulana akanionyesha tumbo upande wa kushoto, akasema, "Leo hapa."

#33 Bibi Nesi Mstaafu

Kesho kulia. Asirudie sehemu moja, itafanya vinundu.